Moto Tunauona, Wazimaji Wako Wapi?

  Ninyi mlio shambani bado, mnaosubiri zamu ya maji kwenye mfereji huku redio ndogo ikiwa mfukoni, poleni na kazi. 

Leo tuzungumze kuhusu moto. Simaanishi moto wa jikoni, wala ule unaounguza nyumba kwa hitilafu ya umeme. Huo tutautafutia siku yake. Leo ni moto wa nyika na misitu, unaoanza kwa njiti moja ya kiberiti na kuishia kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku.

Naanza na swali, na naomba ulijibu moyoni kabla sijaendelea. Ukiinua macho sasa hivi kuelekea Mlima Meru ukaona moshi, utampigia nani simu? Umepata jina? Vizuri. Sasa swali la pili, na hili ndilo gumu: huyo utakayempigia ana watu wangapi, wana vifaa gani, na wako wapi jioni hii?

Swali la kwanza wengi tunaweza kulijibu. La pili, nina hakika wengi tumekwama. Hapo ndipo penye mazungumzo yetu ya leo. Nchi inayotaka kushinda moto inahitaji hesabu mbili: hesabu ya moto, na hesabu ya wazimaji. Ya kwanza siku hizi tunayo kwa urahisi. Ya pili inatupiga chenga.

Mtu atauliza: sisi wa Nduruma tuko huku chini, kwenye tambarare ya mahindi, vitunguu na maua. Moto wa mlimani unatuhusu nini? Jibu ni fupi: maji. Mto Nduruma unatoka kwenye miteremko ya Meru, unapita Bangata, unakatiza barabara kuu ya Moshi, ndipo unatufikia sisi na mifereji yetu, na mabaki yake huendelea hadi Mto Kikuletwa. Msitu wa juu ukiungua, hasara haiishii kwa nyani na ndege. Itashuka na mto mpaka shambani kwako.

Tena liko jambo ambalo wengi hatulijui. Miti ya juu mlimani hainyonyi mvua tu. Inakamata ukungu pia. Mawingu yanapopita kwenye matawi yenye kuvumwani na ndevu za miti, maji hunasa pale na kudondoka chini tone kwa tone, hata siku ambayo mvua haijanyesha. Mwaka 2005 mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, Andreas Hemp, aliyeichunguza Kilimanjaro kwa miaka mingi, aliandika jambo lililowashangaza watu. Wakati dunia nzima inalilia barafu ya kilele chake cha Kibo inayoyeyuka, yeye alionyesha kwamba maji yanayopotea kwa sababu ya misitu ya juu iliyoteketea kwa moto ni mengi kuliko yanayopotea kwa kwisha kwa barafu ile. Nalirudia, maana ni zito: moto umeukausha mlima kuliko kuyeyuka kwa barafu yake. Kama ni hivyo kwa jirani yetu Kilimanjaro, sisi wa Meru ambao hata hiyo barafu hatuna, tegemeo letu ni nini kama si msitu?

Sasa twende kwa jirani huyo. Mtakumbuka Oktoba 2020. Jumapili tarehe 11 moto ulilipuka eneo la Whona, kwenye njia ya Marangu, kati ya kambi za Mandara na Horombo. Usiku ule watu wa Moshi walikuwa wakiuona ukiwaka kule juu. Ukawaka siku nyingi. Watu wapatao 500 walipanda kuuzima: askari wa hifadhi, wa misitu, Zimamoto, wanafunzi wa chuo cha Mweka, na wananchi wa vijijini. Mwishowe TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa, ilitangaza kwamba zimeungua kilomita za mraba zipatazo 95. Miaka miwili baadaye, Oktoba tena, tarehe 21 mwaka 2022, moto mwingine ukaonekana karibu na kambi ya Karanga, kwenye urefu wa mita kama 4,000. Safari hiyo na wanajeshi walipanda.

Mmeona mwezi unaojirudia? Oktoba. Mwisho wa kiangazi, majani yamekauka, vuli haijafika, na upepo ni mkali. Kwa hiyo moto wa mlimani si mgeni anayekuja bila taarifa. Msimu wake tunaujua.

Na gari la zimamoto kule juu lingefanya nini? Haliwezi kupanda. Barabara hakuna. Nawaeleza kidogo kazi yenyewe ilivyo, ili tujue tunahesabu nini tunaposema vifaa. Wazimaji hupangana mstari. Wa mbele wana panga na fyekeo, wanakata vichaka. Nyuma yao wenye majembe na reki, wanakwangua majani hadi udongo mtupu, moto ukifika pale ukose cha kula. Wanafuata wenye matawi mabichi au vipigio, wanaupiga moto ubavuni. Hawasimami mbele ya kichwa cha moto, kwa sababu moto hupanda mlima mbio kuliko binadamu. Mwisho kabisa wanakuja wenye mabomba ya maji ya mgongoni, wanazima visiki na mizizi. Kazi hii ya mwisho ndiyo hudharauliwa, kumbe ndiyo yenye hatari. Kule juu mizizi huungua chini kwa chini, watu wakashangilia kwamba moto umezimika, kesho yake upepo ukipuliza unaanza upya.

Basi tuiangalie hesabu ya kwanza: hesabu ya moto. Hii nimesema tunayo. Tunaipata wapi? Angani. Shirika la anga la Marekani, NASA, lina mfumo unaoitwa FIRMS, ulio wazi kwa kila mtu kwenye intaneti, bila malipo. Setilaiti zinapita juu yetu zikipima joto la ardhi. Palipo na joto lisilo la kawaida, mfumo unaweka alama nyekundu kwenye ramani. Setilaiti mbili kati ya hizo, Suomi NPP iliyorushwa mwaka 2011 na NOAA-20 iliyorushwa mwaka 2017, hupita karibu saa saba na nusu mchana na saa saba na nusu usiku. Ndani ya saa tatu hivi, alama imeshaonekana. Kijana yeyote mwenye simu janja hapa Nduruma anaweza kuifungua ramani hiyo usiku huu na kuona Tabora panawaka wapi, Katavi panawaka wapi, na Lindi kukoje.

Lakini tusidanganyane. Jicho hilo lina mipaka yake. Kila alama inawakilisha kipande cha ardhi chenye upande wa mita 375, kwa hiyo halikuambii moto uko kwenye shamba la nani. Mawingu yakiufunika Meru, na mnajua Meru hupenda kujifunika, halioni kitu. Moto ukianza saa tisa alasiri, setilaiti hizo zimeshapita; zitakuja kuukuta usiku. Tena si kila alama ni maafa. Hifadhi zetu nyingi huchoma majani mapema, mwanzoni mwa kiangazi yakiwa bado na unyevu, ili baadaye pasiwe na majani makavu ya kulisha moto mkubwa. Ramani haijui kutofautisha moto wa mtaalamu na moto wa mrina asali aliyeacha mwenge wake chini ya mti. Hilo linajulikana na mtu aliye pale pale.

Ndiyo maana nasema jicho la angani halitoshi bila jicho la ardhini. Nani huuona moshi wa kwanza? Mara nyingi ni mchungaji, ni mama aliyekwenda kuchanja kuni, ni dereva wa bodaboda. Swali ni moja: akishauona, taarifa yake inakwenda wapi?

Sasa tufike kwenye hesabu ya pili, ya wazimaji. Hapa tupande Meru kidogo kidogo, kuanzia juu. Kileleni na kwenye msitu wa asili ni Hifadhi ya Taifa ya Arusha, mwenyewe ni TANAPA. Ukishuka unakuta misindano na misaiprasi ya shamba la miti la Meru, mwenyewe ni TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Ukishuka tena ni vijiji, migomba, kahawa na mashamba ya watu, wenyewe ni sisi na halmashauri zetu. Ukifika mjini, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ndilo lenye magari. Mlima mmoja, wenyewe wanne. Moto ukianza kwa mmoja, hausimami mpakani kuomba kibali cha kuingia kwa mwingine.

Kila mmoja wao ana watu, na kila mmoja ana vifaa vyake. Lakini je, liko daftari moja linalosema: leo, Mlima Meru mzima, tuna wazimaji waliofunzwa kadhaa, mabomba ya mgongoni kadhaa, maboza ya maji kadhaa, na haya hapa ndiyo majina na namba za simu? Mimi ni msikilizaji mzuri wa redio, na daftari la namna hiyo sijalisikia likisomwa hadharani hata asubuhi moja ya kiangazi. Bei za mazao tunasomewa. Hali ya hewa tunasomewa. Hali ya moto na wazimaji wetu hatusomewi.

Kwani kuna wanaosomewa? Wapo. Kule Marekani, katika mji wa Boise, jimbo la Idaho, kuna kituo cha taifa cha kuratibu moto wa nyika, kilichoanzishwa mwaka 1965. Wakati wa msimu wa moto hutoa taarifa kila siku. Taarifa hiyo haiishii kusema moto uko wapi na una ukubwa gani. Inasema kila moto una wazimaji wangapi, magari mangapi, helikopta ngapi. Halafu nchi nzima inapewa daraja moja la utayari, kuanzia la kwanza hadi la tano. La kwanza maana yake kuna utulivu, vikosi vingi viko huru. La tano maana yake karibu kila kikosi kiko kazini. Ukitokea moto mwingine mkubwa, itabidi waite jeshi au waombe msaada nje ya nchi. Mkubwa wa kikosi akisikia daraja la tano, anajua: nikipata shida leo, msaada utachelewa. Basi anajipanga mapema.

Najua yuko anayesema, "Ndugu mtangazaji, Marekani wana ndege, sisi tuna matawi." Kweli kabisa. Tena nakuongezea: pamoja na ndege zao zote, Januari 2025 upepo ulipovuma Los Angeles, maelfu ya nyumba yaliteketea na watu wakafa. Ndege si dawa ya kila moto. Lakini mimi sikusema tununue ndege. Nilichosema ni tuhesabu tulichonacho. Na kadiri mtu alivyo na kidogo, ndivyo anavyopaswa kujua kidogo hicho kiko wapi. Mwenye mabomba elfu moja anaweza kupoteza kumi asijue. Mwenye mabomba kumi, akipoteza matatu, ameumia.

Tukitaka mfano wa karibu, upo Afrika Kusini. Mwaka 2004 watafiti wa nchi hiyo, kwa kushirikiana na shirika lao la umeme, Eskom, waliunda mfumo unaochukua taarifa za setilaiti na kuzituma kwa ujumbe mfupi wa simu. Moto ukikaribia nyaya za umeme, msimamizi wa eneo lile anapata ujumbe. Mwaka mmoja kabla ya hapo, nchi hiyo hiyo ilianzisha mpango wa kuwachukua vijana wasio na ajira, kuwafunza kuzima moto na kuwapanga katika vikosi. Mnaona? Huku jicho, huku mikono. Kimoja bila kingine ni kazi nusu.

Sasa turudi nyumbani Nduruma, maana mazungumzo ya Boise na Eskom yasiwe hadithi za mbali. Sisi tuna nini?

Tuna vitu vingi kuliko tunavyodhani. Kwa mfano, lile bomba la kupulizia dawa unalolibeba mgongoni kwenye vitunguu na nyanya, la lita kumi na sita au ishirini. Likioshwa vizuri dawa ikaisha, likajazwa maji safi, ndilo lile lile la kuzimia visiki na mizizi. Katika kitongoji kimoja yamo mangapi? Mashamba makubwa ya jirani yana matrekta na maboza ya maji. Tuna vijana wa bodaboda wanaojua kila kichochoro. Tuna mgambo. Tuna fyekeo, reki na majembe karibu kila nyumba.

Na tuna jambo jingine la thamani zaidi: tuna mazoea ya kuhesabu na kugawana. Hapa Nduruma mtu akikuuliza maji ya mfereji yako kwa nani usiku huu, utamjibu. Kamati ya mfereji inajua zamu ya kila shamba, nani anafungua saa ngapi, nani anapokea baada yake, na ukikosea zamu unapigwa faini. Hakuna aliyetoka Dodoma kuja kutufundisha. Wazee wetu waliweka utaratibu huo kwa sababu maji ni machache. Basi, ndugu zangu, kama tumeweza kujua tone la maji liko kwa nani, tunashindwaje kujua bomba la mgongoni liko kwa nani?

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Nitayasema polepole, mwenye kalamu aandike.

La kwanza: kabla ya kiangazi kukolea, kila kijiji kiwe na daftari la moto. Liandikwe mabomba mangapi, ya nani. Boza liko wapi na nani ana ufunguo. Vijana gani wako tayari, na namba zao za simu. Liandikwe pia swali ambalo watu huona aibu kuliuliza: siku ya moto, mafuta ya boza analipa nani, na maji ya kunywa na chakula cha wazimaji kitatoka wapi? Moto mwingi unatushinda saa ya pili, watu wakishachoka na hakuna aliyeandaa hata maji ya kunywa.

La pili: daftari hilo lisilale kwenye kabati la mtendaji. Nakala iende kata, kutoka kata iende halmashauri, na halmashauri iliweke pamoja na orodha za TANAPA, TFS na Zimamoto. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kutoka taifa hadi kijijini. Kamati hizo zisingoje mafuriko ndipo zikutane. Zipewe kazi hii ya kuhesabu.

La tatu: taarifa irudi kwetu. Ramani ya setilaiti ipo. Afisa mmoja wa halmashauri anaweza kuifungua kila siku saa kumi jioni wakati wa kiangazi, akalinganisha na daftari, akatuma ujumbe kwa wenyeviti wa vijiji: leo moto uko hapa, wazimaji walio huru ni hawa. Na redio zetu, pamoja na hii unayoisikiliza, zipo tayari kuisoma taarifa hiyo bure.

Narudia kwa ufupi, kwa waliochelewa kufungua redio. Kila kijiji kiwe na daftari. Daftari lipande juu. Taarifa ishuke chini.

Kabla sijamaliza, maneno mawili ya tahadhari. Kwanza, kuhesabiwa si ruhusa ya kukimbilia motoni. Watoto wasipelekwe, na asiyefunzwa asisimame mbele ya kichwa cha moto, hasa kwenye mteremko. Pili, moto mwingi huu hauanguki kutoka mbinguni. Ni wetu: wa kusafisha shamba, wa kurina asali, wa mkaa, wa kutaka majani mapya ya mifugo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina sehemu nzima inayozuia uchomaji holela. Ukilazimika kuchoma, pata kibali, waarifu majirani, ngoja upepo utulie, na usiondoke mpaka jivu limepoa mkononi mwako.

Wasikilizaji wapenzi, muda wangu umekwisha. Ninawaachia kazi moja. Kwenye mkutano wa kijiji unaokuja, yakifika mengineyo, simama, mwamkie mwenyekiti kwa heshima, kisha umuulize: moto ukitokea leo, tuna wazimaji wangapi na mabomba mangapi, na yako kwa nani? Akiwa na jibu, mpigieni makofi. Akiwa hana, msimcheke. Chukueni daftari jipya muanze kuandika pale pale kabla watu hawajatawanyika. Na kwenye ukurasa wa kwanza iandikeni namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, inayopigwa bure: moja, moja, nne.